Dafu, septrini na kidonge cha saa tatu

Kidonge ninachokimeza kila siku saa tatu asubuhi ni dawa ya moyo. Ukiisoma ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, hutakuta neno hata moja linalonihusu mimi. Imeandikwa moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, presha ya kupanda, maji yanayojaa tumboni kwa wagonjwa wa ini. Jina la dawa ni spironolaktoni, na wengine wanaijua kwa jina la Aldactone. Mimi ni mwanamke wa trans, yaani nilizaliwa nikaitwa mvulana lakini ni mwanamke, mkazi wa Dar es Salaam, na naitumia kwa ajili ya kazi yake ya pembeni: inaziba zile sehemu ambazo testosteroni, homoni ya kiume, hujishikiza ili ifanye mambo yake mwilini. Pamoja nayo natumia estradioli, ambayo ndiyo homoni yenyewe ya kike.

Nimeanza na moyo kwa makusudi. Sisi wenyewe kwa wenyewe tunaizungumzia dawa hii kama kitu cha urembo, kitu cha kulainisha ngozi na kupunguza ndevu, na mtu anampimia mwenzake kiganjani kama anagawa karanga. Lakini ni dawa inayopunguza maji mwilini, ile inayokufanya ukojoe, na ina tabia moja inayoitofautisha na nyingi za aina hiyo: maji na chumvi inatoa, potasiamu inabakiza. Potasiamu ni madini ambayo moyo unayahitaji kwa kipimo chembamba. Maabara nyingi huandika kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0 milimoli kwa lita moja ya damu. Ikipanda sana, mapigo ya moyo yanavurugika, na moyo unaweza kusimama. Tena mara nyingi inapanda kimya kimya bila kukuuma popote.

Nilipoanza kuulizia, dada mmoja aliyetutangulia, ambaye tunamheshimu sana na ambaye ametulea wengi, alinipa ushauri aliopewa yeye zamani: "Meza mbili asubuhi, mbili jioni, na kunywa madafu kwa wingi, mwanangu, maana itakukausha." Alisema kwa upendo. Hilo la kutokauka lilikuwa kweli kabisa. Hilo la madafu lilikuwa ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu maji ya dafu yamejaa potasiamu, mamia ya miligramu katika kikombe kimoja. Na Dar hii dafu liko kila kona, baiskeli imeegeshwa chini ya mwarobaini, panga linapiga, joto la Februari linakusukuma mwenyewe. Mwenye moyo na figo nzima akinywa dafu moja, hapati neno. Anayemeza vidonge vinne kwa siku bila kupimwa, akanywa madafu matatu badala ya maji, na figo zake hajui zikoje, huyo anacheza kamari.

Aliyenisimamisha kwanza hakuwa daktari. Alikuwa mzee wa famasi moja ya Magomeni. Nilimwamkia, nikamtajia jina la dawa. Akaniangalia juu ya miwani.

"Marahaba. Cheti kiko wapi?"

"Sina, mjomba. Nilikuwa nataka kujua bei tu."

"Bei nitakwambia. Ila hii siuzi bila cheti. Nani mgonjwa?"

"Mimi."

"Unatumia dawa gani nyingine?"

Nikamwambia situmii. Akasema basi afadhali, maana wapo wanaokuja kuchukua hii huku wanatumia losartani au enalaprili za presha, na hizo nazo zinapandisha potasiamu, zikikutana mwilini bila mtu kupima damu ni balaa. Halafu akanitajia bei, akanirudisha nyumbani mikono mitupu. Niliondoka nimenuna. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba lile swali lake, unatumia dawa gani nyingine, lilikuwa na thamani kuliko boksi nzima ya vidonge. Nilikuwa nimezungumza na watu wengi wa rika langu juu ya dawa hizi na hakuna aliyeniuliza.

Kumpata daktari kulinichukua muda na hela. Sitataja hospitali. Wa kwanza alinipa mawaidha badala ya huduma; nililipia kumwona daktari nikapata hotuba. Mtu asikudanganye kwamba utaingia popote ukajieleza ukapokelewa. Mwaka 2017 serikali ilipofunga vituo 40 vilivyokuwa vikitoa huduma za VVU kwa yale yanayoitwa makundi maalumu, wengi wetu tulijifunza kukaa kimya mbele ya koti jeupe, na kimya hicho hakijaisha. Wa pili nilielekezwa na mtu anayemwamini. Huyu alinisikiliza, akafunga mlango, akasema, "Sawa. Tufanye kwa usalama." Kumbe ndiyo maneno niliyokuwa nayatafuta.

Kabla ya kidonge cha kwanza alinipeleka maabara: kreatinini ili kuona figo, potasiamu na sodiamu, ini, sukari, wingi wa damu, na presha yenyewe kwa mkono wake. Vipimo vya figo na chumvi za damu havikuniumiza sana, vilikuwa kwenye shilingi 30,000 na ushei. Kilichonikausha mfuko ni vipimo vya homoni, testosteroni na estradioli, ambavyo kila kimoja kilinila zaidi ya hapo. Nikamwuliza kwa aibu nikishindwa vyote nifanye nini. Akanijibu bila kupepesa: ukibaki na hela ya kipimo kimoja, pima potasiamu na figo. Homoni zikichelewa kupimwa utachelewa kujua tu kama dawa inafanya kazi. Potasiamu ikichelewa, hutarudi kuuliza. Tena akaniambia kitu ambacho wengi hawakijui: spironolaktoni kazi yake kubwa ni kuziba, siyo kushusha, kwa hiyo testosteroni inaweza kusomeka juu kwenye karatasi wakati mwili tayari unabadilika. Usiione namba ukakimbilia kuongeza vidonge.

Alinianzishia miligramu 50 kwa siku. Baada ya wiki chache nikapima tena, ndipo akapandisha hadi 100. Miongozo ya wataalamu wa homoni wa Marekani ya mwaka 2017 inataja miligramu 100 hadi 300 kwa siku, na inataka potasiamu ipimwe kila miezi mitatu katika mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Naandika namba hizi ili ujue wenye fani wanakwenda kwa hatua gani. Dozi yangu si yako: umri, figo, presha na dawa nyingine za mtu ndivyo vinavyoamua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijawahi kumsikia mtu akilisema, nalo ni choo.

Wiki za mwanzo unakojoa. Siyo kidogo. Kwa mwanamke yeyote wa mjini huo ni usumbufu, lakini kwa mwanamke wa trans ni hesabu nyingine kabisa. Uko Kariakoo au stendi, choo cha kulipia, mlango huu wanaume, ule wanawake, na katikati amekaa mtu anayepokea hela na kukukagua kuanzia viatu. Ukiingia huku unatukanwa, ukiingia kule unaweza kupigwa. Kwa hiyo wengi wetu tuna mbinu ya zamani, tuliyoanza nayo hata kabla ya vidonge: hatunywi maji tukitoka nyumbani. Kutwa nzima na kiu. Sasa weka mbinu hiyo juu ya dawa inayotoa maji, juu ya jua la saa saba mchana ndani ya daladala la Mbagala. Figo ikikosa maji haiwezi kuitoa potasiamu, damu inashuka presha, ukisimama ghafla dunia inazunguka. Rafiki yangu mmoja alianguka namna hiyo kituoni. Watu wakasema njaa, wengine wakasema majini. Yalikuwa maji, lakini si yale.

Daktari alitaka nimeze asubuhi, ili mkojo uishe kabla ya kulala. Nikimeza nyumbani saa kumi na mbili, mkojo unanikuta njiani kwenye foleni. Ndiyo maana nameza saa tatu. Saa hiyo nimeshafika kazini, saluni, nimekunywa chai na chapati, na choo chetu ni chumba kimoja chenye komeo lake, hakina maandishi mlangoni. Kula kwanza kunaifanya dawa iingie vizuri mwilini, na saa ikiwa ileile kila siku huisahau. Chupa ya maji naimaliza palepale kazini, siyo njiani. Wewe tafuta saa yako kwa kufuata choo chako. Hakuna daktari atakayekupangia hili, hata aliye mzuri.

Utatamani chumvi pia. Mimi nilikuwa nanunua embe bichi la pilipili na chumvi kila nikiliona, nikadhani ni uroho. Kumbe mwili unadai kilichotolewa. Kula chumvi ya kawaida kwa kiasi. Ile usiyotakiwa kuigusa ni chumvi mbadala inayouzwa supamaketi kwa ajili ya wenye presha, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu badala ya sodiamu. Boksi ni zuri, maneno ni ya afya, na kwako ni sumu.

Ramadhani ilinipa mtihani wake. Nafunga, na sikutaka kuacha. Fikiria futari yetu ilivyo: tende, ndizi za nazi, viazi vitamu, muhogo, maharage, na mtu ana dafu pembeni. Kila kitu hapo kina potasiamu, halafu kinaliwa na mwili uliokaa bila maji tangu alfajiri. Nilimfuata daktari kabla mwezi haujaandama, nikiwa na hofu kwamba atanikataza ndizi. Alicheka. Akasema kwa kijana mwenye figo nzima chakula cha kawaida si adui, watu wanaogopa ndizi wanaacha vya kuogopa. Aliihamishia dawa wakati wa futari, akaipunguza kwa mwezi ule, akasisitiza maji ya kutosha kuanzia futari hadi daku, na dafu akasema liwe la kuonja. Nikipata kizunguzungu au nikitapika nifungue, siku hiyo nisimeze dawa, nimpigie. Siku moja nilifungua. Mgonjwa ana ruhusa yake, na mama yangu, ambaye hajui nameza nini, ndiye aliyenikumbusha.

Kanuni hiyo ya kutapika ni ya mwaka mzima. Malaria, kuharisha, homa kali, siku ambayo maji hayakai tumboni: dawa inasimamishwa mpaka utakapokuwa unakula na kunywa, na unamwambia anayekutibu. Ukiacha siku tatu mwili haurudi ulikotoka.

Halafu kuna zile dawa tunazozinunua kama pipi. Mgongo ukiuma, diklofenaki. Kichwa kikiuma, ibuprofeni. Hizi zinazibana figo, na ukizimeza mfululizo juu ya spironolaktoni potasiamu inapata mwanya. Kwa maumivu ya kawaida mimi narudi kwenye parasetamoli, na sizidishi. Ya pili, inayonitisha zaidi, ni septrini. Kila duka la dawa linayo, kila mtu amewahi kuimeza kwa UTI au kikohozi. Ndani yake mna trimethoprimu, na trimethoprimu yenyewe inaizuia figo kutoa potasiamu, kazi ileile ya kidonge changu. Viwili pamoja vinasukuma upande mmoja.

Mwaka jana nilipata UTI nikaenda zahanati ya mtaani, nisikojulikana. Yule dada wa zamu ameshaandika septrini. Nikamwambia, "Dada, mimi natumia spironolaktoni." Akasimamisha kalamu. "Ya presha?" Nikasema, "Nimeandikiwa na daktari wangu." Akafuta, akaandika dawa nyingine, akaniambia ninywe maji. Basi. Sikueleza maisha yangu, sikujitetea. Hili ningependa kila mmoja wetu alishike: unaweza kumtajia mtu dawa bila kumtajia wewe ni nani. Dawa hii inatumiwa na bibi mwenye moyo, na msichana mwenye chunusi, na mwanamke anayeota ndevu kwa sababu ya homoni zake. Anayekuandikia anahitaji kujua ulichomeza. Sababu ni yako, uitoe ukimwamini. Mimi jina la dawa na dozi nimeyaandika kwenye karatasi nyuma ya kitambulisho cha kupigia kura, ili hata nikiokotwa nimezimia mtu asome.

Kwa wenzetu wanaotumia septrini kila siku kwa maelekezo ya kliniki ya VVU, msiiache kwa sababu mmesoma hapa. Iambieni kliniki mnatumia na spironolaktoni, damu ipimwe, waamue wao kipi kibaki. Wapo wengi wanaotumia ARV na homoni pamoja na wanaendelea vizuri.

Spironolaktoni siyo peke yake inayozunguka mjini. Siproteroni ndiyo inayosifiwa zaidi, kwa sababu inashusha testosteroni kweli kweli na haina habari ya kukojoa. Shoga yangu mmoja alitumiwa Androcur, ambayo ni siproteroni hiyohiyo, na ndugu yake wa Ulaya, vidonge vya miligramu 50, akawa anameza kimoja kizima kila siku, maana ndivyo kilivyo. Nilipomwambia daktari wangu, alikunja uso. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilitoa onyo kwamba siproteroni ya miligramu 10 au zaidi kwa siku inahusishwa na uvimbe unaoota kwenye utando wa ubongo. Uvimbe huo ni nadra, lakini hatari inapanda kadiri dozi na miaka inavyoongezeka. Miongozo ya kimataifa iliyotoka 2022 imeshuka hadi miligramu 10 kwa siku kwa watu kama sisi. Yaani alikuwa anameza dozi ya siku tano kwa siku moja. Inaweza pia kuumiza ini na kukuzamisha moyo kwa huzuni, na yeye kweli alikuwa amebadilika, halali, hacheki, akidhani ni mapenzi. Hakuiacha ghafla kwa kichwa chake, kwa sababu ukiwa umeimeza kwa dozi kubwa muda mrefu tezi za mwili zinahitaji kuzoeshwa, alisimamiwa akashushwa. Kichwa kinachouma kwa namna mpya, macho kuona ukungu, masikio kupoteza usikivu, kwa anayetumia dawa hii havisubiri.

Bikalutamidi, ya saratani ya tezi dume, nayo ina wapenzi wake. Ini linaweza kushambuliwa, mara chache lakini vibaya, na bila kupima ini mara kwa mara mimi nisingeigusa. Kuhusu Diane-35, ambayo wengi wanaanza nayo kwa sababu inapatikana kama vidonge vya uzazi wa mpango, siproteroni iliyomo ni miligramu 2 tu, na estrojeni yake ni ya aina inayogandisha damu kuliko estradioli. Ukimeza nyingi ili upate athari, unajinunulia damu kuganda. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikabana na pumzi ikakata, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Nimeulizwa mara nyingi kama kuongeza vidonge kunaharakisha. Hapana. Matiti yangu yalianza kuuma kwa kuchipua baada ya miezi minne hivi, ngozi ilitangulia, nywele za mwilini zilichukua zaidi ya mwaka kupungua, sauti haikubadilika na haitabadilika kwa kidonge. Na hizi dawa si kinga ya mimba, ingawa zinaweza kukupunguzia uwezo wa kuzaa. Ukitaka mtoto wa damu yako, liongelee na daktari kabla ya kuanza, si baada.

Kununua: ninataka boksi lililofungwa, tarehe ya mwisho inayosomeka, na jina la kitaalamu la dawa. Vidonge vilivyokatwa kwa mkasi na kuletwa kwenye bahasha ya kaki sichukui hata kama muuzaji ni mtu wangu. Na duka nimelichagua moja. Ni lile la Magomeni. Mzee ananiita mwanangu, anaangalia cheti, anauliza swali lake lilelile.

Ukiwa unatumia, na siku moja misuli ikalegea bila sababu, mwili ukafa ganzi, au moyo ukaanza kudunda na kuruka, usilale ukisubiri kuche. Nenda hospitali, taja dawa, omba wapime potasiamu na ECG, kile kipimo cha mashine kinachosoma mapigo ya moyo. Jibu likija juu sana na wewe huna dalili yoyote, wanaweza kurudia kipimo, kwa sababu damu ikichukuliwa kwa tabu chembe zake hupasuka kwenye sindano na kumwaga potasiamu, namba inadanganya. Ilinitokea: 5.9 asubuhi, jioni damu mpya ikasoma 4.6. Kati ya hizo saa nilikuwa nimelazwa kwenye kitanda cha uangalizi, moyo unasomwa kwenye mashine, na sijutii hela hata moja ya siku ile.

Mwezi ujao napima tena. Estradioli yangu imekaa vizuri, na daktari anasema homoni ya kike ikitosha yenyewe huweza kuishusha testosteroni bila msaada, kwa hiyo huenda tukaanza kupunguza spironolaktoni, 50 kwanza, tuone. Nimekubali. Hela nitakayookoa kwenye boksi nimeshaipangia kipimo cha testosteroni ambacho nimekikwepa tangu Idi.